Nguo za Bi Mkasi

Mwaka umetimia tangu tulipokusindikiza makaburini Msambweni, na ndiyo kwanza tunapata ujasiri wa kukuandikia. Watu wamekuwa wakituuliza mbona magazeti yalikulilia na sisi wa nyumbani tukanyamaza. Tulinyamaza kwa sababu mambo hayakuwa sawa. Sasa yamekuwa sawa, au tunamwomba Mwenyezi Mungu yawe yamekuwa sawa, na tunaweza kukukumbuka kama wafiwa wengine wanavyowakumbuka watu wao.

Atakayesoma ataona hatukulitaja jina ulilopewa na wazazi. Hatujalisahau, na akifika mwisho atajua sababu. Kwa walio wengi ulikuwa Bi Mkasi, yule mwenye nyumba wa kwenye runinga ambaye ulimi wake humkata mpangaji kabla hajafungua mdomo. Jina hilo ni la kazi, ni la watu wote, na linatosha hapa.

Tunaukumbuka wema wako. Hukupiga picha hata siku moja bila kuwapikia waliokuja kufanya kazi, mahamri na mbaazi za nazi, na aliyesema ameshiba ulimwambia akashibie kwao. Ulikwenda hospitali kutazama wagonjwa usiowajua, ukajifanya umepotea wodi, ukaanza kugombana na vitanda mpaka wauguzi wakaja kukunyamazisha wakaishia kujishika mbavu. Twaiba, mwanao wa pekee, alikuwa akikusubiri nje na kikapu na kuona haya. Angekuwa na uwezo leo, angeingia ndani nawe.

Wa bara hushangaa tukiwaambia kwamba uchekeshaji wako uliuanzia matangani. Ukoo wetu na ukoo wa kina Boga, fundi baiskeli wa Msambweni, ni watani tangu enzi za mababu. Akifa mtu wa kwao, mmoja wetu huenda akavaa nguo za marehemu, akatembea uani kama alivyotembea, akagomba kama alivyogomba, mpaka wafiwa wacheke na kulia kwa pamoja. Kisha hupewa kitu, kuku au kikapu cha muhogo, akatoka langoni amezivaa zile nguo, na nguo hazirudi. Akifa wa kwetu, wao hufanya vivyo hivyo. Wazee wetu walisema mwili wa marehemu hutolewa nyumbani kwa jeneza, lakini tabia zake hutolewa na mtani. Na mtani akishaanza kutoka, hakuna kumwita marehemu, kwa jina wala kwa cheo. Ukimwita atageuka, na akigeuka amerudi.

Babu yake Boga alipofariki, shangazi yetu aliyekuwa bingwa wa mambo hayo alikuwa kitandani na homa. Ukasukumwa wewe, msichana wa shule, kanzu ya mzee ikiburura mavumbini. Ukaitafuta miwani ya mzee uani kote, ukamshuku huyu na yule kwa wizi, na miwani iko kwenye paji la uso. Boga alikuwa kijana tu wakati huo, macho yamemvimba kwa kulia, na alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo hakufa mtu kwao asitolewe nawe.

Kisha ukaingia kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Timothy, kijana wa kutoka bara aliyeletwa kupiga picha za harusi ya wageni, alipotea njia akatokea chumba cha pasi. Akakukuta unamwigiza meneja anavyonusa mataulo, na meneja mwenyewe amesimama nyuma yako. Timothy hupenda kusimulia kwamba aliiweka kamera chini kwa kucheka, na kwamba ulipogeuka ukamwona bosi wako, hukuacha. Ulimpa taulo anuse. Kazi ya mashuka ikaishia hapo. Kabla mwaka haujageuka, kipindi cha Kwa Bi Mkasi kilikuwa hewani, kikipigwa katika nyumba ya kupanga pale Ukunda, na wapangaji wa kweli wakisukumwa nyuma ya pazia.

Tuzo zilikuja zenyewe. Ya kwanza, ya mchekeshaji bora wa Pwani, uliifanya kizuizi cha mlango wa jikoni kwa sababu ilikuwa nzito. Ya pili ilikuwa bakuli la kioo, ukatilia ndimu. Ya Nairobi, ile kubwa ya mwigizaji bora wa kike wa vichekesho, ulikwenda kuipokea pamoja na Twaiba. Uliambiwa ushukuru kwa ufupi. Badala ya kushukuru ukapanda jukwaani ukichechemea kama wale mabibi waliokutangulia na viatu vya visigino virefu, na wewe umevaa ndara. Ukumbi mzima ulisimama. Uliporudi kukaa, Twaiba alikuona unaitazama ile tuzo bila hata tabasamu, kisha ukamwuliza kama mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa mlipotoka nyumbani.

Ndivyo ulivyokuwa, na hili mashabiki hawakulijua. Nyumbani hukuwa mchekeshaji. Ulikaa mkekani ukachagua mchele kwenye ungo, ukaivuta leso juu ya bega la kushoto kila ulipotaka kusema neno, ukasema neno hilo moja ukanyamaza. Chai ulikunywa bila sukari, na ndimu. Kipindi chako kikianza ulisema, huyo mwanamke ana kelele, ukaenda zako jikoni. Na ulikuwa na kile kikohozi, kikavu, mara mbili kisha kimya, ambacho tulikizoea tukaacha kukisikia mpaka mapafu yalipokulaza.

Ulipolazwa, ulituita wote watatu: Issa kaka yako, Hasina dada yako, na Twaiba. Hukusema mengi. Uliivuta leso ukasema, "Siku yangu ikifika msimzuie Boga. Mimi nimewatoa wengi wa kwao. Na mimi nitolewe." Tukaitikia. Twaiba aliitikia huku analia, na kwa hiyo anakumbuka vizuri zaidi yetu.

Siku yenyewe ilipofika uani kulikuwa na kamera kuliko viti. Walikuja waheshimiwa kutoka Kwale, walikuja waigizaji wa Nairobi na miwani nyeusi. Issa alikuwa naibu wa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na heshima kwake ni kama chumvi, haipungui chakulani. Boga alipotokea mlangoni mwa chumba chako amejitanda leso yako na buibui limembana mabegani, ndevu nje, Issa alimshika mkono akamrudisha ndani. Alimwambia leo si siku ya mambo hayo, dunia nzima inatazama. Hasina akamvuta Issa kanzu, akamkumbusha maneno yako. Hakusikia.

Boga hakupigana. Alizivua nguo moja moja, akaikunja leso vizuri, akaitundika nyuma ya mlango. Twaiba alikuwa amekaa kitandani mwako, na ndiye pekee aliyemsikia aliposema taratibu, kama anayejisemea, "Haya. Mtani amezuiwa. Basi tutaona nani atazivaa." Kisha akatoka, akarudi kwake bila kunywa hata maji.

Hukumlalamikia mtu siku ile, tunajua. Lakini mazishi ya mtu aliyechekesha nchi nzima yalikwisha bila mtu kucheka, na wazee wa pande zote mbili waliondoka wakitazama chini.

Nguo zikabaki nyuma ya mlango. Kila tuliposema tuzigawe kama sadaka, lilitokea la kutuzuia. Na kila jioni walianza kurudia vipindi vyako vya zamani. Sisi tulizima, lakini majirani hawakuzima, na sauti yako ikawa inapita ukutani ikigombana na wapangaji, huku kitanda chako kimetandikwa. Twaiba alizoea kusimama kando ya ukuta huo akisikiliza mpaka kipindi kiishe.

Tulichokiona kwanza ni chai. Twaiba, aliyekuwa akitia sukari mpaka kijiko kinasimama, akaanza kunywa chai kavu na ndimu. Tukasema ni huzuni. Kisha akawa anaivuta leso begani kabla ya kusema. Mbodze, jirani yetu, alikuja asubuhi kuazima mbuzi ya kukunia nazi, akamwona kwa mgongo amekaa mkekani na ungo, akarudi kwake mbio bila ile mbuzi. Tulimcheka Mbodze. Tulikuwa bado tunaweza kucheka hofu za watu.

Halafu wakatangaza kukupa tuzo ya heshima, ya kazi ya maisha yako yote, na Twaiba akaitwa Mombasa kukupokelea. Alikuwa ameandaa maneno mafupi ya shukrani. Alipofika mbele ya kipaza sauti akafungua mdomo, na aliyesema alikuwa Bi Mkasi. Aliwauliza waandalizi kwa nini wamengoja afe ndipo wampe kiti cha mbele. Ukumbi ulivunjika mbavu, watu walipiga meza, na Hasina aliyekuwa chini akaona vidole vya Twaiba vimeng'ang'ania ile tuzo mpaka vimekuwa vyeupe. Kwenye gari aliiweka ile tuzo miguuni. Karibu na kivuko ndipo alipomwambia Hasina, "Mamdogo, yale sikuyasema mimi."

Timothy hakuyajua hayo. Yeye aliona muujiza wa kazi. Alikuja nyumbani na mkataba na keki, akasema Kwa Bi Mkasi itarudi, na mwenye nyumba ni Twaiba. Tulidhani kazi itamtoa mawazo, na yeye mwenyewe alitaka, kwa sababu akiwa mbele ya kamera hakukukosa. Timothy alitupigia simu kwa furaha. Alisema, "Hata simwelekezi. Aki ya Mungu, nikifunga macho ni yeye mwenyewe."

Akaanza kukonda. Kikohozi kikaja, kikavu, mara mbili kisha kimya. Tulimpeleka hospitali, akapigwa picha ya kifua, na daktari akatuonyesha mapafu masafi yasiyo na doa. Alitupa dawa ya kikohozi kwa kuturidhisha tu. Twaiba akazidi kupungua, leso iliyomtosha mzunguko mmoja ikamzunguka mara mbili, na sisi tukawa tunaangaliana bila kusema tunachokiogopa. Tuliogopa kwamba kabla mwaka haujatimia tutazika tena.

Mambo mawili yalitokea katika juma moja. Issa alikuwa amekaa barazani anasoma gazeti, Twaiba akatoka na fagio akamwambia, Kijiti, ondoa miguu nifagie. Kijiti ni jina ulilompa Issa mlipokuwa watoto, kabla Hasina hajapata akili za kukumbuka, na kwa utu uzima wake wote hakuna aliyewahi kumwita hivyo isipokuwa wewe. Twaiba hakujua hata amesema nini. Alifagia akapita.

La pili ndilo lililotuvunja. Timothy alikuja kutuonyesha kipande kwenye simu yake. Tukakusanyika, Bi Mkasi akawa anamfokea mpangaji aliyefuga kuku chumbani, na Timothy anacheka peke yake. Twaiba alitazama mpaka mwisho. Alitabasamu kwa uchungu akauliza, "Hiki mama alikipiga lini? Sikuwahi kukiona." Timothy akadhani anatania. Kilikuwa kimepigwa asubuhi ile ile, na aliyekuwa ndani yake ni yeye.

Issa aliinuka akavaa kofia. Hakusema anakwenda wapi, lakini Hasina alimjua kaka yake, akajitanda akamfuata. Walimkuta Boga Msambweni kwenye kibanda chake cha kutengeneza baiskeli, mikono imejaa grisi, wateja wamekaa kwenye benchi. Issa alitoa salamu ndefu, ya heshima zote. Boga aliitikia salamu, akaendelea kukaza spoku.

Issa akaeleza. Alieleza chai, kikohozi, jina la Kijiti, na ile picha ya kwenye simu. Boga alipofikishwa hapo aliacha spana. Alisema tangu siku ya matanga alikuwa akingoja waje, na kwamba mtani hawezi kujipeleka, lazima aitwe na yule yule aliyemzuia. Kisha uso ukamkunjuka, ukawa ule wa utani. Alimwambia Issa, "Wewe siku ile uliona haya mbele ya watu. Basi leo uone haya mbele ya hawa wangu. Wika, kama jogoo, ndipo nije."

Issa, aliyechapa nusu ya watu wazima wa Msambweni walipokuwa darasani, alivua kofia akampa Hasina. Akaweka mikono kiunoni akawika. Mara ya kwanza sauti ilikwama, Boga akamwambia jogoo huyo ana mafua, awike tena. Aliwika tena, kwa nguvu, na machozi yakamtoka. Benchi zima lilicheka, na Hasina anasema hapo ndipo aliposikia kifua chake mwenyewe kimeachia kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Boga alinawa mikono akasema atakuja siku ya hitma ya mwaka.

Hitma tuliisoma Ijumaa iliyopita. Tulisoma Yasini, tukaomba dua, tukala pilau. Maalim, tulipomwambia kuna jambo la mila litakalofuata, alisema dua imekwisha na yeye ana mgonjwa wa kutazama, akaondoka zake kwa adabu. Timothy tulimwalika lakini kamera tulimwambia aiache kwake. Twaiba tulimkalisha kati ya Hasina na Mbodze, akikohoa, na Hasina alimweleza mara nyingi: akianza kutoka, usimwite. Twaiba akasema amesikia.

Boga aliingia chumbani kwako akafunga mlango. Alipotoka, watu walicheka kwa sababu ya ndevu, maana buibui lilikuwa limeshonwa kwa mwili wako na yeye ni pande la mtu. Wote walitazamia Bi Mkasi. Timothy alikuwa ameshajiweka tayari kucheka.

Boga akapita katikati yetu bila kumtazama mtu. Akakaa mkekani, akavuta ungo, akaanza kuchagua mchele. Kicheko kikapungua, kikaisha. Alichagua polepole, kama ulivyochagua, akaitupa chuya kwa kidole cha mwisho. Mahali fulani nyumba ya jirani runinga ilikuwa inasema. Boga akaivuta leso juu ya bega la kushoto akasema, "Huyo mwanamke ana kelele."

Hapo ndipo tulipopasuka. Tulicheka na kulia, hatukujua lipi ni lipi. Alikuigiza ukimfichia Issa ukoko wa wali chini ya sahani ili Hasina asiuone. Aliigiza unavyojifanya umelala ili Twaiba akukande miguu, na ukiachiwa mguu unaunyanyua tena bila kufumbua macho. Issa aliyekuwa ameapa atakaa kiheshima alikuwa amelala ubavu mkekani, kofia imemtoka. Twaiba alicheka, kicheko chake mwenyewe, kile chembamba cha kukatika ambacho hatukukisikia kwa mwaka mzima. Kisha Boga akakohoa, kikavu, mara mbili, akanyamaza. Twaiba alikuwa amekwisha kuweka mkono mdomoni kukohoa pia. Hakukohoa. Akautoa mkono akautazama.

Boga akasimama, akadai haki yake. Tulikuwa tumemtayarishia kuku. Akamkataa kuku. Alikwenda kabatini akaonyesha ile tuzo ya heshima, ambayo hukuwahi kuigusa, akasema, "Zile nyingine alizitumia mwenyewe. Hii hakuipokea. Wacha aende nayo." Tulimtazama Twaiba. Aliinuka akaitoa, akampa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.

Na ukaanza kutoka.

Hatuna namna nyingine ya kuliandika. Mpaka katikati ya uani alikuwa Boga ndani ya buibui. Kutoka hapo, kwa mgongo, tuliona mabega yamelegea kama yalivyolegea yako, tukaona mguu wa kulia unavyotangulia, tuzo imeshikwa ubavuni kama bakuli la ndimu. Mbodze aliinama asitazame. Twaiba alifungua mdomo. Hasina aliliona neno lenyewe linakuja, neno fupi lile ambalo mtoto hulijua kabla ya maneno mengine yote, akampiga kiganja mdomoni akambana. Twaiba akamng'ata. Hasina hakutoa mkono.

Langoni ulisimama. Ulisimama ukitupa mgongo, ukaivuta leso juu ya bega la kushoto, kama mtu anayetaka kusema neno au anayengoja kuambiwa. Twaiba alikuwa akijinasua mikononi mwa Hasina, na sisi wote tulikuwa na jina lako mdomoni, tunaapa, hakuna aliyekutaka uende. Ulingoja. Hatukukuita. Ukaenda.

Boga alirudi kesho yake na nguo zake za kawaida kuulizia hali. Alimkuta Twaiba anakunywa chai, sukari tele. Mkataba amekwisha kuurudisha. Timothy alisikitika, kisha akasema atamtungia mhusika mwingine, mwanamke wa aina yake, akiwa tayari. Hasina alikuwa amefunga kitambaa mkononi. Tulimshukuru Boga, tukamwambia pale langoni alipokusimamisha ndipo alipotumaliza kabisa. Akatutazama mmoja mmoja. Anaapa hakusimama langoni. Anasema alipita moja kwa moja mpaka barabarani.

Wanaokupenda na wakucheke kwenye runinga kila jioni, ni haki yao. Wakipita kwetu watuamkie, tutawakaribisha. Jina lako tu wasilitaje langoni.

Wanaokukumbuka: binti yako Twaiba, kaka yako Issa, dada yako Hasina, jirani yako Mbodze, Timothy na wote wa Kwa Bi Mkasi, na mtani wako Boga. Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema.

Kukukumbuka, tutakukumbuka maisha yetu yote. Kukuita, hatutakuita.